Uzi: Wiki moja barabarani, Udzungwa hadi Kitulo kwa gari binafsi. Tupange ratiba hapa

#1 Mpandavilima

Wakuu, kwema?

Mimi na mama watoto tumekubaliana likizo ijayo hatuendi Zanzibar wala kijijini. Tunataka milima. Kilimanjaro hapana, kwanza bei, pili magoti. Tunataka zile hifadhi za milima za kusini ambazo watu wa Dar tunazipita tumelala ndani ya basi la Tunduma: Udzungwa na Kitulo. Watoto wanabaki kwa bibi yao.

Tutakuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu wa miaka 19, na binamu yangu anayetoka Mombasa. Gari ni Rav4 ya zamani, inavuta magurudumu yote manne, service nitafanya kabla. Dereva ni mimi. Shemeji naye ana leseni, ila mpya, bado inanukia ofisi.

Rasimu yangu hii hapa:

Jumamosi: Dar hadi Mikumi, jioni kuzunguka hifadhini.
Jumapili: Udzungwa, maporomoko ya Sanje, usiku tulale Iringa.
Jumatatu na Jumanne: Ruaha.
Jumatano: Iringa hadi Kitulo.
Alhamisi: Kitulo asubuhi, Ziwa Ngozi jioni.
Ijumaa: Daraja la Mungu, tukalale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.
Jumamosi: Matema hadi Dar.

Mwezi bado hatujachagua. Naomba mnisaidie mambo matatu: ratiba inatekelezeka? Twende mwezi gani? Na Rav4 itapanda Kitulo au itanitia aibu mbele ya shemeji?

Nawasilisha.

#2 Mzee_wa_Kitonga

Kijana, shikamoo yako nitaipokea ukileta ratiba nyingine.

Mimi nimeendesha malori njia hiyo mpaka mgongo ukagoma. Matema hadi Dar siku moja, dereva mmoja! Mbeya mjini hadi Dar peke yake ni kama kilomita 830, na Matema iko chini kabisa ziwani, unapita Tukuyu, unapita Kyela, ndipo ufike. Halafu kila kijiji njiani kina kibao cha 50, na trafiki wana tochi za kupima mwendo. Kila tochi ikikunasa ni 30,000. Ukijitahidi sana utaingia Chalinze usiku wa manane, umekaa nyuma ya lori lisilo na taa, macho mekundu, na hapo ndipo watu wanapokwishia.

Ruaha nayo itoe. Kutoka Iringa mjini unaacha lami kuu, unakwenda zaidi ya kilomita 100 hadi langoni, na njia ya kurudi ni hiyo hiyo. Ni hifadhi nzuri, sibishi, lakini si mlima, na siku mbili za Ruaha ndizo zinazokulazimisha ukimbie kote kwingine. Umesema unataka milima. Kaa na milima.

#3 Chai_ya_Mufindi

Nimeweka kambi hapa. Mzee ameongea.

#4 Mwana_Mangula

Mkuu Mpandavilima, na mimi niongeze upande wangu maana nimezaliwa chini ya huo mlima.

Jumapili yako haiwezekani. Watu wengi kutoka Dar wanakuja Udzungwa wakidhani watazungushwa kwa gari waonyeshwe wanyama. Ndani hakuna barabara ya magari. Hifadhi yote, kilomita za mraba 1,990, unaingia kwa miguu. Unajiandikisha makao makuu hapa Mang'ula, mnapewa mwongozaji, kwa Sanje mnarudi na gari kama kilomita 10 upande wa Kidatu hadi kijiji cha Sanje, ndipo mnaanza kupanda. Maporomoko yanashuka kwa ngazi, jumla mita 170 hivi. Kwa mguu wa mtu wa ofisini, na kusimama kupiga picha, na kuoga kwenye vidimbwi, mnamaliza siku. Ukitoka hapo magoti yanatetemeka, halafu eti ushike usukani kupanda mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, usiku? Hapana.

Saa mbili kamili asubuhi muwe mmeshaanza kupanda. Msitu wetu ni wa joto la unyevu, chini huku Mang'ula ni mita mia tatu hivi tu kutoka usawa wa bahari. Shati linaloa kabla hujaona maji yoyote. Ukifika juu ya maporomoko, geuka nyuma: bonde lote la Kilombero liko chini yako, mashamba ya miwa mpaka macho yachoke. Watu wanakodolea maji wanasahau kugeuka.

Kingine, msipite haraka kwenye miti ya karibu na geti. Mbega wekundu wa Udzungwa wako hapo hapo, na duniani hawapo kwingine ila milima hii na misitu ya jirani bondeni. Mwangalie mkono akishika tawi: kidole gumba karibu hakipo, vidole vinne virefu vinafanya kazi ya ndoano. Kichwani ana nywele nyekundu zilizosimama, mtu ungedhani katoka saluni. Kuna na mangabe wa Sanje, tumbili mwingine, huyu wataalamu walimtambua 1979 tu, wakati wazee wetu walikuwa wanamfukuza mashambani siku zote. Huyo ni wa bahati, anatembea sana chini na makundi yao yanahama.

Neti na dawa ya mbu msisahau. Bonde la Kilombero mbu wake hawana utani.

#5 Mpandavilima

Daah. Kumbe nilikuwa napanga mashindano ya magari. Asanteni.

Mwana_Mangula, ipo njia fupi kwa siku ya kufikia? Na Mwanihana nimeona watu wanasifia.

#6 Mwana_Mangula

Ipo. Maporomoko ya Prince Bernhard ni karibu na geti kabisa, mnafika jioni mnanyoosha miguu. Mwanihana ni kilele, safari ya siku tatu na kulala hema msituni usiku mara mbili, askari mwenye silaha anaongozana nanyi kwa sababu tembo na nyati wapo huko juu. Mkitaka Mwanihana, basi wiki yote ni Udzungwa, Kitulo mnaisahau. Ipo na ya Lumemo, siku tano. Hiyo ni ya watu wenye mapaja.

#7 Binti_Nyeri

Hamjambo wenzangu. Mbona hamtaji Aberdare na Mlima Kenya? Mtu anatoka Nairobi asubuhi, saa sita yuko ndani ya baridi, na maporomoko ya Karuru ni mita 273. Binamu wa Mombasa angewaongoza.

#8 Mpandavilima

Dada, karibu sana. Hiyo tunaiweka mwaka mwingine, pasipoti ya mke wangu imekwisha muda. Ila kama umezoea matope ya Aberdare tupe siri.

#9 Binti_Nyeri

Siri ni moja: kila asubuhi uliza langoni barabara ikoje *leo*. Usiulize jana, usiulize mtandaoni. Huko kwetu barabara iliyopitika Jumatatu, Jumatano inameza gari. Na ukiona maji yametuama njiani, teremka utembee kwanza. Mguu ukizama hadi kifundo, gari litazama zaidi.

#10 Binti_wa_Makete

Nimechelewa, ila naona Kitulo hakuna aliyeigusa. Nikae kitako.

Kitulo ni tambarare ya juu, mita 2,600 hivi, imezungukwa na milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa 2005, kilomita za mraba kama 413, na ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa kwa ajili ya mimea kwanza, si wanyama. Sisi tunaiita Bustani ya Mungu. Ukija kutafuta simba utarudi na hasira. Ukija kuangalia chini, siku haitoshi.

Naposema kuangalia chini namaanisha hivyo. Orkidi za Kitulo, na ziko aina zipatazo 45, si zile kubwa za kwenye maduka ya maua. Nyingi hazifiki goti. Unaona shina moja limesimama kwenye nyasi, rangi ya waridi au njano iliyofifia, unapita. Piga magoti. Hilo shina lina vimaua vingi vimepangana kuzunguka, kila kimoja kina kofia yake juu, na zile za jamii ya Satyrium nyuma ya kila ua kuna vijimkia viwili vyembamba vimening'inia, ndani yake kuna utamu wanaoufuata wadudu. Shemeji mwenye miaka 19 atasema "ni majani tu haya". Mwambie apige magoti.

Sasa kwa nini ikawa hifadhi. Viazi vya orkidi hizo vilikuwa vinachimbwa kwa magunia vinavushwa mpaka wa Tunduma kwenda Zambia, wenzetu wanasaga wanatengeneza chikanda, chakula kama keki ya nyama isiyo na nyama. Ua moja lina kiazi kimoja cha kuvuna, ukichimba umeua shina zima. Kwao zilikuwa zimeshapungua, ndiyo maana wakaja kwetu. Kwa hiyo mkikuta mtu anawauzia "mizizi ya dawa" pembeni ya barabara, msinunue.

Mwezi. Hapa ndipo penye mtihani. Maua yanataka mvua, matairi yanataka jua, na havipatani. Mvua kwetu ni Novemba hadi Aprili, na maua yanapamba moto Desemba hadi Aprili. Ukija Septemba hadi Novemba mwanzoni utatembea vizuri, jua, vumbi, lakini bustani bado imelala. Ukija Juni hadi Agosti utakuta umande umeganda kwenye nyasi asubuhi, na maua kidogo sana. Mimi nawashauri Februari. Maua yapo, na huko Udzungwa masika makubwa ya Machi hadi Mei hayajaanza. Mtanyeshewa, ndiyo. Huku kwetu mara nyingi asubuhi inakuwa wazi, mawingu yanapanda mchana. Tembea asubuhi, mchana kaa kwenye moto.

#11 Mbega_Mweusi

Binti wa Makete upewe maua yako, kihalisi kabisa.

Niongeze kitu cha kipunji. Nyani huyu alitangazwa kwa dunia 2005, baada ya watafiti kumwona Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone ulio ndani ya Kitulo, na wengine wakamwona peke yao msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Yaani ni hao hao, kwenye pande mbili za safari yako, na katikati hakuna. Mwaka uliofuata wakamtengenezea jenasi (kundi la kisayansi) yake mwenyewe, Rungwecebus. Usitegemee kumwona, wamebaki wachache na wanakaa juu mitini msitu mzito. Ila mwongozaji anaweza kukuonyesha msitu wanakokaa, na ukibahatika utasikia mlio wake, ni wa ajabu, katikati ya kubweka na honi.

#12 Mtu_wa_Usangu

Wote mmesahau njia ya wanaume. Chimala hadi Matamba! Kona 57, na watu wa hapa wanaiita hivyo hivyo, Hamsini na Saba. Unaacha lami kuu pale Chimala, unapanda ukuta wa mlima, ukifika juu uwanda wote wa Usangu uko chini na majaruba ya mpunga yanameta. Kutoka Matamba hifadhi ni hapo tu. Njombe mnazunguka bure.

#13 Mzee_wa_Kitonga

Ya wanaume! Nimeona wanaume wengi wamekaa pembeni ya kona ya 20 wanasubiri trekta. Kiangazi sawa, nenda. Februari, udongo umelowa, gari la watu wanne na mizigo, dereva hajawahi kupita, hapana. Njombe hadi Makete siku hizi ni lami, kama kilomita 107, unapanda umetulia unaangalia mashamba ya viazi na pareto. Usimpotoshe mtoto wa watu.

#14 Mtu_wa_Usangu

Mzee, heshima yako. Lakini mandhari ya Njombe huwezi kulinganisha.

#15 Binti_wa_Makete

Nyote mna haki. Pandeni kwa Njombe. Kama siku tatu nne hazijanyesha, muulizeni askari wa hifadhi kama Chimala inashukika. Akisita hata kidogo, rudini mlikotoka.

Na hata upande wa Makete, lami haikufikishi katikati ya maua. Mkiacha lami ni udongo. Rav4 yako itapita kukiwa kukavu na itapita kukiwa kumelowa kidogo, ila matairi yawe na meno. Matairi yaliyoisha ndiyo yanayokwamisha watu, si ukubwa wa gari. Juu huko pia injini ndogo zisizo na tabo zinachoka, hewa ni nyepesi. Usidhani gari limeharibika, shusha gia.

#16 Kyela_Kilombero

Mimi nasikitika mmeua Ngozi na Matema. Ziwa Ngozi unapanda msitu wa mianzi, unatokea ukingoni ghafla, maji ya kijani yako chini ndani ya kreta. Fikirieni tena.

#17 Mama_Mpandavilima

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ndiye mke. Nimesoma uzi wote na nimeona mume wangu ananitaja kwa habari ya pasipoti.

Ngozi na Matema zimekufa kifo halali. Tunakwenda Februari. Chimala hatushuki, kaka Mtu wa Usangu nisamehe, mdogo wangu akiona kona 57 ataomba usukani. Maswali yangu ni mengine: tunalala wapi, tunakula nini, na nguo. Maana naona mchana tunaloa jasho Mang'ula, siku nne baadaye umande unaganda.

#18 Mwana_Mangula

Marahaba dada. Mang'ula gesti zipo za bei zote, na hifadhi ina sehemu za kupiga hema. Chagua yenye neti nzima, ingia chumbani uikague mwenyewe kabla ya kulipa, ikunjue uangalie kwenye mwanga. Chakula wali na samaki wa Kilombero, hamtajuta. Viatu vya kupandia viwe vya kufunga, si sendo. Mawe ya Sanje yana utelezi.

#19 Binti_wa_Makete

Dada karibu kwetu. Makete mjini gesti zipo, Matamba pia. Ndani ya hifadhi malazi ni machache, kwa hiyo pigeni simu mapema msitegemee kufika tu. Umande kuganda ni Juni hadi Agosti, Februari hamtauona, lakini usiku mtavaa kila mlichokuja nacho. Leteni masweta, soksi nene, kofia, na koti la mvua la kweli. Mwavuli acheni nyumbani, upepo wa Kitulo unaugeuza ndani nje mara moja.

Mkipanga kujipikia: kwenye mita 2,600 maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 91, kwa hiyo maharage yatawalaza na njaa. Pikeni viazi. Viazi vyetu mviringo, na maziwa. Juu huko kuna shamba la mifugo la serikali la Kitulo, la ng'ombe wa maziwa, mtaona wamesambaa kwenye nyasi mkadhani mko Ulaya. Ulanzi, pombe ya mianzi, mkikaribishwa Njombe au Iringa, dereva anusie tu.

Na duka la dawa, vocha, betri, mtakuta. Wakinga hatukosi biashara. Nusu ya Kariakoo ni ndugu zetu (natania, ni zaidi).

#20 Mhasibu_wa_Safari

Naleta hesabu, maana hakuna aliyethubutu.

Bila Mbeya, mzunguko ni kama kilomita 1,800 hadi 1,900 ukijumlisha vichochoro. Rav4 ya zamani tuseme kilomita 10 kwa lita, milimani itakula zaidi. Weka lita 200. Bei ya mafuta EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanatangaza kikomo kipya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo piga hesabu upya wiki ya kuondoka. Kwa 3,000 kwa lita ni laki sita. Gawa kwa vichwa vinne. Jaza Iringa, jaza tena Njombe, usipande Kitulo na robo tangi.

Viingilio: TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, hawapokei fedha taslimu langoni. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Hakikisha simu ina salio *kabla* ya kufika, mtandao wa getini hauna huruma. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa kiwango kimoja cha shilingi, kidogo sana ukilinganisha na cha dola cha wageni, kwa hiyo binamu wa Mombasa aje na pasipoti au kitambulisho chake, asijidai Mswahili kwa mdomo. Ninyi bebeni vitambulisho vya NIDA. Mwongozaji, askari na kupiga hema vinalipiwa mbali, na kodi ya ongezeko la thamani inakuja juu yake. Wengi wanasoma kiingilio tu halafu wanapaniki langoni.

Na bahashisha kwa mwongozaji. Mtu kawapandisha Sanje, kabeba na chupa zenu za maji, msimwachie "Mungu akubariki" peke yake.

#21 Shemeji_Rasmi

Mimi ndiye shemeji. Leseni yangu ina miezi saba. Nasoma kila kitu.

#22 Mzee_wa_Kitonga

Karibu mwanangu. Basi hii ni yako na ya shemeji yako.

Mikumi barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50. Mwendo humo ni 70, na usiku ni chini ya hapo. Usiupime. Twiga, swala, tembo, wote wanavuka, na bango la faini za kugonga wanyama liko pale ulisome, utapata nidhamu. Kioo funga ukisimama karibu na nyani, na usiwatupie ndizi. Jioni humo ndani malori yanawahi, tembo wanatoka. Mpite mchana.

Ukitoka Mikumi unashuka hadi Ruaha Mbuyuni, joto, mibuyu, vitunguu vimepangwa pembeni ya barabara. Nunua ukiwa unarudi, si unakwenda, vitanukisha gari wiki nzima. Halafu Kitonga. Ukuta, kona, malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sheria yangu: lori lililo mbele yako ndilo dereva wako. Kaa nyuma, acha nafasi, usilipite kwenye kona hata kama konda ananyoosha mkono kukuruhusu. Konda hana breki zako. Kurudi, ukiwa unashuka, weka gia ya chini tangu juu. Otomatiki iweke 2 au L. Uache injini ikushikilie. Anayeshuka Kitonga amekanyaga breki mwanzo mwisho, chini anafika na moshi, na harufu yake mtaijua. Mkiinusa kutoka gari lililo nyuma yenu, tafuteni haraka pa kusimama lipite.

Pembetatu, mtungi wa kuzimia moto, jeki inayofanya kazi, tairi la akiba lenye upepo. Ukague upepo wa hilo la akiba. Nimesaidia vijana wengi wenye tairi la akiba lililolala.

Mkitoka Kitonga mko Ilula, nyanya, hewa inabadilika. Iringa mnaweza kulala kwa raha.

#23 Chai_ya_Mufindi

Iringa msilale tu mkaondoka. Isimila iko kama kilomita 20 kwenye barabara hiyo hiyo ya Mbeya, hampotezi njia. Nguzo za udongo zilizochongwa na maji, ndefu kuliko nyumba, na zana za mawe za kale zimelala hapo chini. Saa mbili zinatosha. Kalenga pia, kwa Mkwawa, fuvu lake lililorudishwa 1954 lipo, ila huko ni upande wa barabara ya Ruaha. Chagueni moja. Mkipita Mafinga mtaona misitu ya misonobari ya Sao Hill, msisimame, ni mirefu, haiishi.

#24 Mbega_Mweusi

Kitu kimoja cha kuwapa raha njiani. Kitulo ni chanzo kimojawapo cha maji ya Ruaha Mkuu. Yanashuka Usangu, yanapita hifadhi ya Ruaha, Mtera, yanapita jirani na barabara yenu pale Mbuyuni, na yanazungusha mitambo ya megawati 204 Kidatu, chini ya Udzungwa. Siku ya kwanza mtavuka daraja lake mkielekea Mang'ula. Safari yenu yote mnaufuata mto kwenda kwao.

#25 Mpandavilima

Wakuu, nimekaa na bodi (mke, shemeji, binamu kwa simu). Ratiba mpya:

Jumamosi: kutoka Dar saa kumi na moja alfajiri, Mikumi mchana bila kuingia ndani, Mang'ula alasiri. Tukijiweza, Prince Bernhard.
Jumapili: Sanje siku nzima. Kulala Mang'ula tena.
Jumatatu: Mang'ula hadi Iringa, Kitonga mchana.
Jumanne: Isimila asubuhi, kisha Makambako hadi Njombe. Kujaza mafuta, kununua viazi.
Jumatano: Njombe hadi Makete, kuingia Kitulo, kutembea kidogo.
Alhamisi: Kitulo asubuhi na mapema, magoti chini.
Ijumaa: Kitulo tena hadi saa nne, halafu kushuka Njombe, kulala Mafinga.
Jumamosi: Mafinga hadi Dar.

Hifadhi mbili tu. Mke wangu ameuliza Ijumaa yote tushuke au tutumie nusu yake mlimani, mimi nimesema nusu.

#26 Mzee_wa_Kitonga

Sasa nipe shikamoo.

#27 Mpandavilima

Shikamoo mzee.

#28 Mzee_wa_Kitonga

Marahaba. Jumamosi ya mwisho toka Mafinga kumi na moja alfajiri, Kitonga ushuke kabla malori ya asubuhi hayajapanga foleni. Shemeji aendeshe Iringa mjini hadi Ilula tu, ni tambarare. Kitonga ni wewe.

#29 Binti_wa_Makete

Ijumaa kama asubuhi ni mawingu mazito, msisubiri yafunguke, shukeni. Yakifunga Kitulo yanaweza kukaa mpaka jioni. Na droni kama binamu anayo, aiache Mombasa. Inataka vibali vya nchi na vya hifadhi, na askari wetu hawasikilizi hadithi.

#30 Mpandavilima

Binamu ameguna. Anayo.

#31 Kyela_Kilombero

Rav4 inabeba watano. Nafasi moja nyuma ipo?

#32 Mama_Mpandavilima

Ipo, katikati, juu ya vitunguu. Mafuta tunagawana kwa vichwa vitano, na Matema hatuendi.